Manase alitawala miaka 55 na damu mikononi, akazikwa bustanini kwake. Maandiko ya Kiebrania yanasemaje?

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, atarudi usiku.

Juzi nilikuwa msibani. Mhubiri akasimama kando ya kaburi akasema mwovu hadumu, za mwizi arobaini, watu wakaitikia amina. Mimi nikabaki nahesabu, maana usiku wake nilikuwa nimesoma 2 Wafalme sura ya 21, na hesabu ya pale haikuishia arobaini. Iliishia hamsini na tano.

Namzungumzia Manase, mfalme wa Yuda. Alikalia kiti akiwa na miaka 12, akatawala miaka 55 pale Yerusalemu. Hakuna mfalme wa ukoo wa Daudi aliyekaa muda mrefu kuliko yeye. Daudi mwenyewe alipata 40. Na hakuwa mtu wa dhambi ndogondogo. Alipajenga upya mahali pa juu, yaani pa kuabudia vilimani, ambapo baba yake Hezekia alikuwa amepabomoa, akaingiza sanamu ya mungu mke Ashera ndani ya hekalu lenyewe, akampitisha mwanawe motoni, na mwandishi anamalizia kwa kusema alimwaga damu ya wasio na hatia mpaka Yerusalemu ikajaa, upande hadi upande.

Sasa tafuta adhabu yake katika sura hiyo. Mimi nimeitafuta kwa tochi. Manabii wanatangaza kwamba Yerusalemu itafutwa kama mtu afutavyo sahani akaifudikiza, lakini hiyo ni adhabu ya mji, tena ya baadaye sana. Yeye mwenyewe alilala na baba zake, akazikwa katika bustani ya nyumba yake. Bustani, wakuu. Kiti akarithi mwanawe Amoni.

Amoni aliuawa na watumishi wake baada ya miaka 2, kisha akaja mjukuu, Yosia, akiwa mtoto wa miaka 8. Huyu ndiye mtu mwenyewe. Alipofika miaka kama 26 aliamuru hekalu likarabatiwe, kuhani Hilkia akaokota humo kitabu cha torati, kikasomwa mbele ya mfalme, naye akararua mavazi yake. Akatuma watu kwa nabii mke Hulda kuuliza. Akasafisha nchi, akafanya Pasaka ambayo haikuwahi kufanyika mfano wake tangu siku za waamuzi. Mwandishi anasema wazi: kabla yake hakukuwa na mfalme kama yeye, wala baada yake hakuinuka mwingine.

Kisha mwaka 609 KK Farao Neko wa Misri akapita na jeshi lake, Yosia akatoka kumkabili, akauawa Megido. Ana miaka 39. Habari yote ya kifo chake katika Wafalme imemalizwa kwa mstari mmoja, kana kwamba mwandishi mwenyewe aliona aibu akakimbilia mstari unaofuata. Na Hulda alikuwa amemwahidi kwamba atawekwa kaburini kwa amani! Najua wafafanuzi wanasema amani maana yake hakuuona mji ukiteketea mwaka 586. Haya. Lakini mtu aliyeletwa nyumbani maiti ndani ya gari la vita, ukimwambia mkewe kwamba alikufa kwa amani, atakutazama vipi?

Na kuna sentensi imewekwa kati ya sifa za Yosia na kifo chake, ndiyo iliyoninyima usingizi: pamoja na hayo yote, BWANA hakuiacha hasira yake, kwa sababu ya maovu ya Manase. Yaani babu amekula, bili imeletwa kwa mjukuu.

Ngoja niongeze kitu kisichokuwa ndani ya Biblia, ambacho kinazidi kuuma. Hezekia, yule baba mwema, aliasi Ashuru. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akaja, na katika kumbukumbu zake alizoandika kwenye udongo anajigamba kwamba alitwaa miji 46 yenye ngome ya Yuda. Yerusalemu ilipona, ndiyo, na tunaiimba sana hiyo habari. Lakishi, mji mwingine wa Yuda, haikupona. Picha za mateka wake wakitoka na mizigo, wanawake na watoto juu ya mikokoteni, zilichongwa kwenye kuta za jumba la Ninawi, na leo ziko London. Manase yeye akainamisha kichwa akalipa kodi. Jina lake limo katika orodha ya wafalme 22 ambao Esar-hadoni, mwana wa Senakeribu, anasema waliburuta mbao na mawe kwenda kujenga Ninawi. Kwa hiyo mkulima wa vilima vya Lakishi ungemuuliza ni mfalme yupi aliyemwacha alale usiku, sidhani angemtaja Hezekia.

Na msiniambie atachomwa moto huko mbele. Hilo jibu waandishi hawa hawakuwa nalo mkononi. Kwao wema na wabaya wote hushuka Sheoli, kuzimu, mahali pa vumbi na kimya ambako hata Mungu hasifiwi. Ufufuo wa wengine kwa uzima na wengine kwa aibu unatajwa waziwazi katika Danieli 12, nacho ni kitabu ambacho wasomi wengi wanaweka umbo lake la mwisho katika mateso ya mfalme wa Kigiriki Antioko Epifane, kama mwaka 165 KK. Watu walikuwa wanachinjwa kwa kuishika torati, ile torati iliyoahidi uhai kwa wanaoishika. Hapo ndipo hesabu ilipogoma kabisa kukaa ndani ya dunia hii. Kabla ya hapo, kama haki ipo basi ionekane hapa hapa, juu ya ardhi, mtu akiwa na macho yake.

Maoni yangu ni haya. Maandiko ya Kiebrania hayalijibu swali hili. Yanalisajili. Yeremia sura ya 12 anapouliza mbona njia ya wabaya inasitawi, anatumia neno la mahakamani, riv, yaani kesi. Anaanza kwa kumwambia Mungu: wewe ni mwenye haki, hilo sibishi, lakini nina shauri nawe. Jalada likafunguliwa, na nikiangalia naona halijafungwa.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Kitasa

Nimeshika kiti cha mbele, karanga ninazo. Za mwizi arobaini, za Manase hamsini na tano. Naiiba hii.

Ngome ya Jiwe

Mleta mada, kusoma nusu ni hatari kuliko kutosoma. Fungua 2 Nyakati 33. Manase alikamatwa na maakida wa Ashuru, wakamtia kulabu na pingu za shaba, wakampeleka Babeli. Akiwa kwenye dhiki akanyenyekea, akaomba, Mungu akamsikia akamrudisha. Adhabu ipo, toba ipo, rehema ipo. Yosia naye, 2 Nyakati 35 inasema Neko alimwonya kwa neno lililotoka kinywani mwa Mungu, akakataa, akajigeuza sura akaingia vitani, wapiga mishale wakampata. Hakuna fumbo hapo. Na Daudi alisema alikuwa kijana na sasa ni mzee, hajaona mwenye haki ameachwa wala watoto wake wakiomba chakula. Usiwayumbishe wadogo kiimani.

Kibatari

Mkuu Ngome, karibu, nilijua utakuja na Nyakati. Wala sijaikimbia, nilikuwa nakusubiri.

Jiulize: aliyeandika Wafalme alimchukia Manase kuliko mfalme yeyote wa Yuda. Angekuwa na habari kwamba alitiwa kulabu akaburutwa Babeli, angeiachaje? Sisemi Nyakati inatunga. Wapo wanahistoria wanaokubali kwamba mfalme mdogo kuitwa na bwana wake wa Ashuru kujieleza ni jambo lililotokea mara nyingi. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Nyakati ana desturi. Chukua Uzia. Katika 2 Wafalme 15, ambako anaitwa Azaria, anapigwa ukoma, basi, hatuambiwi kwa nini. Ukifika 2 Nyakati 26 sababu ipo: alijivuna akaingia hekaluni kufukiza uvumba, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso palepale. Mwema akipata baya, Nyakati itakuonyesha kosa lake. Mbaya akipata mema, itakuonyesha toba yake. Ni kama mhasibu ambaye mizania ikigoma hatoki ofisini mpaka risiti ipatikane.

Na namwelewa. Aliandika baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni Babeli, nchi ni magofu, na kila mtu anasema sisi tunalipa ya babu zetu. Kulikuwa na methali mtaani, Yeremia na Ezekieli wote wanaitaja: baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yakatiwa ganzi. Ukiamini hivyo unakunja mikono. Mhasibu wetu akasema hapana, kila mtu na daftari lake, hata Manase mwenyewe alilipa yake akasamehewa yake. Ezekieli 18 anasema hayo hayo kwa ukali zaidi.

Lakini hata nikikupa Nyakati yote, mkuu, bado una kesi. Toba ya Manase inamsaidia Manase. Wale waliojaza Yerusalemu kwa damu yao, toba hiyo inawafikiaje?

Kuhusu Zaburi 37, mstari huo Wayahudi huusema katika sala ya baada ya chakula. Wapo wanaoushusha sauti wakiufikia, kwa sababu mezani anaweza kuwa amekaa mgeni maskini.

Binti wa Baraza

Asalaam alaykum na habari za jioni. Mimi si wa Biblia lakini mada imenishika. Kwetu pwani Nabii Ayubu ndiye mfano wa subira, wazee walimtungia utenzi mzima. Bibi yangu mtoto akilia sana homa alikuwa anasema, huyu hana hata robo ya subira ya Ayubu. Nauliza tu kwa kutaka kujua: Ayubu wa Kiebrania naye alisubiri, au huko ni mwingine?

Kibatari

Dada, waalaykum salaam. Swali zuri, na jibu ni kwamba wapo Ayubu wawili ndani ya kitabu kimoja. Sura ya 1 na 2 ni yule wa bibi yako hasa: amepoteza mali, watoto kumi, ngozi imeoza, na anasema tukipokea mema kwa Mungu tusipokee na mabaya? Kisha marafiki wanakaa naye chini siku saba bila neno, ambalo ndilo jambo la busara pekee walilofanya. Sura ya 3 anafungua kinywa, na hakifungi vizuri mpaka sura ya 31. Anailaani siku aliyozaliwa. Anasema dunia imetiwa mkononi mwa waovu, na kama si Mungu aliyefanya hivyo, ni nani basi?

Sura ya 21 ndiyo ningependa kila mtu hapa asome kabla hajachangia. Anauliza mbona waovu wanaishi, wanazeeka, wanazidi nguvu. Fahali wao hakosi kupandisha, ng'ombe wao hatupi mimba, watoto wao wanaruka na kucheza kwa matari na kinubi. Halafu anawageukia marafiki: najua mtasema Mungu amewawekea wanawe hayo maovu. Na alipe yeye mwenyewe ili ajue! Atajali nini nyumba yake akishakufa? Nikisoma hapo namwona Yosia amelala Megido.

Marafiki zake wote watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanasema mambo ambayo Jumapili yangepata amina: Mungu hapotoshi hukumu, mwovu hadumu, ukiteseka chunguza ulichofanya. Elifazi anafika mahali anamtungia Ayubu dhambi kabisa, kwamba aliwanyima wajane na kuwavunja mayatima, bila ushahidi wowote. Ndiko hesabu hiyo inakokupeleka. Ukishaamini kwamba kila kilema ana kosa lake, siku usiyoliona kosa utalitengeneza.

Na mwisho, sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi: hasira yangu inawaka juu yako na rafiki zako wawili, hamkunena yaliyo sawa juu yangu kama mtumishi wangu Ayubu. Mawakili wa Mungu wakatozwa faini, ng'ombe waume 7 na kondoo waume 7, na wakaambiwa wamwombe huyo huyo mlalamikaji awaombee. Hapo mimi huwa nafunga kitabu natembea kidogo.

Swali lenyewe, je, alijibiwa? Mungu anatoka katika upepo wa kisulisuli anamwonyesha mbuni, punda mwitu, mbuzi wa miambani wanavyozaa, na madude mawili ya kutisha, Behemoti na Lewiathani. Kuhusu lile shauri la mbinguni la sura ya 1 na 2, ambako mateso yake yaliruhusiwa, na yule mshtaki, Shetani, ambaye katika Kiebrania ana cheo zaidi ya jina, Ayubu haambiwi neno. Anakufa bila kujua kilichomfika kilitoka wapi. Sisi wasomaji tunajua, yeye hajui.

Msomi wa Jioni

Kibatari, ongeza hili. Mwishoni mifugo ya Ayubu inarudishwa maradufu: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Sasa nenda Kutoka 22. Nani katika torati hulipa maradufu? Mwizi, akikutwa na mnyama wa mtu akiwa hai. Wapo wafafanuzi wanaosema mwandishi alijua anachofanya. Na ndugu zake walipokuja kula naye walimfariji kwa mabaya yote ambayo BWANA alileta juu yake. Maandishi yenyewe ndiyo yanasema hivyo, mimi simo.

Pia mmeanzia mbali mno. Swali lilianza na watoto wa kwanza. Habili kwa Kiebrania ni Hevel, na hevel ndilo neno lile lile linalorudiwa katika kitabu cha Mhubiri, ambalo Biblia yetu inasema ubatili. Maana yake ya asili ni mvuke, pumzi. Mtu wa kwanza mwema aliyeuawa jina lake ni mvuke. Aliyemuua alipewa alama asiuawe, akaoa, akajenga mji, na katika uzao wake ndimo wakatoka wa vinubi na filimbi na wa kufua shaba na chuma. Mji wa kwanza katika Biblia umejengwa na Kaini. Kila nikisikia mtu anauliza wabaya wanafanikiwaje, nasema soma ukurasa wa nne au wa tano.

Fundi Kitasa

Karanga zimeisha. Mimi ni fundi wa kufua vyuma, kumbe ukoo wangu ni huo?

Ngome ya Jiwe

Mnacheza. Mhubiri huyo huyo anasema hukumu juu ya tendo baya haipitishwi upesi, ndiyo maana mioyo ya watu inajaa kutenda maovu. Haipitishwi UPESI. Hakusema haipitishwi. Kuchelewa ni rehema. Yona alikasirika kwa nini? Kwa sababu Ninawi ilitubu ikasamehewa. Mungu akamuuliza, nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi? Mnaodai Mungu apige leo leo, mna uhakika nyinyi hamumo katika orodha?

Kibatari

Mkuu, hili nalichukua kwa mikono miwili. Ndilo jibu zito kuliko yote yaliyotolewa hapa, na ninakiri katika uzi wangu sikuligusa.

Ila tumsikilize Yona pia. Tunamcheka kama mtoto aliyenuna chini ya mtango. Ninawi ni mji mkuu wa Ashuru. Ashuru ndio waliofuta Israeli, ufalme wa kaskazini, mji wake mkuu Samaria ukaanguka kama 722 KK, makabila yakatawanywa. Yona anamwambia Mungu: nilijua wewe ni mwenye neema, si mwepesi wa hasira, ndiyo maana nilikimbia. Yale ni maneno ya Kutoka 34, kila Mwisraeli aliyajua, yeye tu ndiye anayasema kama shtaka. Na kitabu kinaisha kwa swali la Mungu. Yona hajibu. Ruka kitabu kimoja tu, unamkuta nabii Nahumu anashangilia Ninawi inateketea, nayo iliteketea kweli mwaka 612 KK. Vitabu viwili vya karibu, kimoja kinaomboleza kwa sababu mji umesamehewa, kingine kinapiga makofi kwa sababu haukusamehewa, na waliokusanya Maandiko hawakuona haja ya kufuta chochote.

Mama Zawadi

Wanangu, mimi husoma tu huwa sichangii. Leo nimeandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mume wangu alifariki 2003. Tulikuwa na kiwanja chenye miembe mitatu. Shemeji yangu usiku mmoja aling'oa mawe ya mpaka akayapanda upya hatua kumi na tano ndani kwangu. Nilikwenda kunakohusika, walinisikiliza vizuri, mara ya pili karatasi hazionekani, mara ya tatu nikaambiwa nije na mwanamume wa kunisemea. Shemeji akajenga fremu nne za maduka barabarani, miembe miwili akaikata. Watoto wake wamesoma wote. Amefariki mwaka juzi na miaka themanini na kitu, usingizini. Msiba wake ulikuwa na mahema saba. Na pilau ya msiba ule nilipika mimi.

Zaburi ya 73 naijua bila kitabu. Asafu, mwenye zaburi hiyo, anasema miguu yake ilikuwa karibu kuteleza alipowaonea wivu wenye kujivuna, macho yao yametuna kwa mafuta. Anasema amejisafisha moyo bure. Kuna mstari watu wanauruka, wa 15, kwamba angeyasema hayo kwa sauti angewasaliti watoto wa Mungu, basi akameza. Mimi nilimeza hivyo. Wanangu walikuwa wadogo, nikasema wakinisikia nasema Mungu hakuona, watashika nini?

Wahubiri wakifika pale alipoingia patakatifu akaujua mwisho wao, wanapandisha sauti. Mimi niliingia patakatifu miaka ishirini na mwisho wa shemeji nikauona. Mahema saba. Kilichonibakiza mimi ni maneno ya mbele kidogo, anaposema nilikuwa kama mnyama mbele zako, walakini niko nawe, umenishika mkono wa kuume. Hasemi amerudishiwa kitu. Amesema ameshikwa mkono. Hatua zangu kumi na tano ziko kule kule, chini ya fremu.

Binti wa Baraza

Mama, pole sana. Nimesoma nikaacha simu chini.

Kibatari

Mama, shikamoo. Sikuwa na haki ya kuandika uzi huu kabla yako.

Nikuletee kitu kimoja tu, kiko Ayubu 24 mwanzoni kabisa. Ayubu anauliza mbona nyakati za hukumu hazikuwekwa, kisha anaanza kutaja kesi, na kesi ya kwanza anayoitaja, kabla ya mauaji, kabla ya uzinzi, ni ya watu wanaohamisha alama za mipaka. Mstari unaofuata ni wa wanaotwaa ng'ombe wa mjane kuwa rehani. Katika kitabu kizima cha malalamiko, yako ndiyo imefunguliwa kwanza.

Mama Zawadi

Marahaba mwanangu. Sikuwahi kuuona. Nitausoma kesho kukiwa na mwanga.

Ngome ya Jiwe

Mama yangu, niwie radhi kama maneno yangu ya kwanza yamekugusa vibaya. Sikuwa nakusema wewe. Bado naamini Manase alitubu.

Kibatari

Na huenda ulikuwa sawa, mkuu, maana hata marabi waligombana juu ya hilo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sehemu iitwayo Sanhedrini, inataja wafalme watatu wasio na sehemu katika ulimwengu ujao: Yeroboamu, Ahabu na Manase. Rabi Yehuda akapinga kama wewe: Manase anayo, kwa sababu Nyakati inasema aliomba akarudishwa katika ufalme wake. Wenzake wakamjibu, alirudishwa katika ufalme wake, hakurudishwa katika uzima wa ulimwengu ujao. Unaona? Karne nyingi baadaye, sasa ulimwengu ujao wanao, na bado Manase hajapata pa kuwekwa.

Nimalizie na kisa cha Talmudi ya Babeli, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, kilichopo palepale. Rav Ashi, mwalimu mkubwa wa Babeli, alikuwa anafundisha sehemu hiyo. Jioni wakafika kwa wale wafalme watatu, akawaambia wanafunzi: kesho tutaanza na wenzetu. Alikuwa anatania. Usiku Manase akamjia katika ndoto. Wewe unatuita wenzako? Basi niambie, mkate unaanza kuumega upande gani ukisema baraka? Rav Ashi hajui. Manase akamfundisha. Rav Ashi akashangaa: mtu mwenye elimu kiasi hiki, ilikuwaje ukaabudu sanamu? Manase akamwambia: ungekuwepo siku zile, ungepandisha pindo la joho lako ukanifuata mbio.

Asubuhi Rav Ashi akaingia darasani akasema: leo tunaanza na walimu wetu.

Fundi Kitasa

Aisee. Nilikuwa nimeshaandaa jina la Manase wa mtaani kwetu niliweke hapa. Ngoja kwanza.